Fizi za Mke Wangu

Lori la chumvi lilipinduka kwenye kona ya barabara ya Namanga, chini kidogo ya Oldonyo Sambu, mimi nikiwa bado sijaota ndevu. Hakufa mtu. Dereva alitokea dirishani mzima, akakaa juu ya jiwe, akawasha sigara, akawa anaangalia watu wanavyokuja. Walikuja kutoka kila boma. Chumvi wakati ule ilikuwa haionekani madukani, wala sukari, wala sabuni. Duka la ushirika lilikuwa na rafu nzuri za mbao na juu ya rafu hakuna kitu, karani anasinzia kwenye kaunta. Basi akina mama walikuja na ndoo, wengine na vibuyu, na mmoja namkumbuka alikuja na buti la mvua la mumewe, buti moja tu, akalijaza chumvi mpaka juu, akajitwisha kichwani akaenda zake.

Watu walipomaliza wakaja ng'ombe. Wiki nzima ng'ombe walikuwa wanalamba lami. Unawafukuza, wanageuka, wanarudi. Magari yanapiga honi mpaka honi zinachoka, wao ulimi chini. Sijui kwa nini jambo hili linanijia mara kwa mara nikikaa peke yangu, na siku hizi nakaa peke yangu sana, hapa Moshono, chumba kimoja, jiko la mafuta ya taa, sufuria mbili na moja haina kazi. Ng'ombe wale nawakumbuka hata rangi. Kuna watu niliokula nao sahani moja nimewasahau sura.

Wiki hiyohiyo alikuja mnunuzi wa mifugo kutoka mjini. Gari lake lilikwama kwa sababu ya ng'ombe, kama magari yote. Wengine walikuwa wanatukana. Yeye akashuka, akainama, akamshika ng'ombe wa kwanza pua, akamfunua mdomo. "Huyu ana miaka minne," akasema, kama anayesoma gazeti. Akamfunua wa pili. "Huyu bibi. Pembe zinadanganya, lakini meno yamekwisha." Nilisimama mdomo wazi kuliko ng'ombe. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, hilo kila mchungaji analijua, lakini sikuwa najua kwamba yale ya chini yanatoa hesabu: yakianza kubadilika mawili ya katikati ana miaka yake miwili, yakitimia manane ni mtu mzima. Nikamfuata yule mnunuzi kutoka ng'ombe hadi ng'ombe, siku tatu. Shule nilikuwa darasa la nne, na la nne ndilo nililobaki nalo mpaka leo.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa dalali wa mifugo. Nilisimama mnadani miaka mingi nikifunua midomo. Mtu akitaka kununua dume, ananiita: "Ero," ndiyo kijana kwa Kimaa, "hebu njoo umsome huyu." Namsoma. Wakati wa ruksa ulipokuja, biashara ikafunguliwa, wanunuzi wakawa wanatoka mpaka ng'ambo ya Namanga mchana kweupe bila kujificha kwa askari, nikawa mtu wa kuitwa kila upande. Na madukani nako kukajaa. Nisimulie jambo moja tu la miaka ile: miswaki. Ilikuwa inaning'inia mbele ya maduka kwenye kamba, ya kijani, ya njano, myekundu, kama shanga za bibi harusi. Watu walisimama wakaitazama. Sisi tulikulia mswaki wa mti, na wengi hata huo hatukuutumia sana, maana tulisema meno yetu yameshaharibiwa na maji, utasugua nini?

Hili la maji inabidi nilieleze kwa asiyekujua kwetu. Maji yanayoshuka Mlima Meru yanatia meno rangi ya kahawia. Mtoto akiyanywa tangu ananyonya, meno yanaota tayari yana kutu. Ukienda Dodoma, ukienda Tanga, ukicheka tu wanakuambia, wewe mtu wa Arusha. Kwa sababu hiyo, sisi jino likiuma ni maji. Likitikisika, ni maji. Mdomo ukinuka, ni maji. Hatukuwa na ugonjwa mwingine wa kinywa. Na mimi juu ya kahawia nina pengo, yale mawili ya chini ya katikati nilitolewa utotoni kwa mila, na kisu. Siyo mdomo wa kuupigia picha.

Mke wangu alikuwa na meno meupe. Hakuzaliwa kwetu, watu wake walitoka Kilimanjaro, Walutheri, mama yake akiuza mitumba sokoni mjini. Nilimpata hapohapo sokoni, nimepeleka mbuzi, yeye amemfuata mama yake na chakula. Sikumbuki tulisema nini. Nakumbuka alicheka na hakuziba mdomo. Tulipofunga ndoa wenzangu wa mnadani walinitania mwezi mzima.

"Wewe umeoa meno meupe. Hata ukizima koroboi unaona njia."

"Mwacheni. Sasa ndiyo atajua umri wa mtu, siyo wa ng'ombe."

Nilimleta Oldonyo Sambu, nikajenga karibu na mama yangu. Sasa nikiwaza naona nilimleta mahali pa upweke. Kule upande wa kaskazini wa mlima ni vumbi na upepo, mvua inaishia upande wa pili. Mama yangu na majirani walizungumza Kimaa, yeye hakukijua. Mimi siku za mnada naondoka asubuhi, narudi jioni nanuka mavi ya ng'ombe, nakula, nasinzia. Alikuwa anazungumza na kuku. Nilimsikia. Nikacheka, sikuuliza.

Mimba ya kwanza alijifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kiume, mdogo, nimewahi kubeba watoto wa mbuzi wakubwa kuliko yeye. Aliishi siku mbili. Tulimzika nyuma ya nyumba, na mama yangu akasema neno moja tu, akasema damu ilikuwa kidogo. Sikulitilia maanani wakati ule, lakini lilibaki.

Mimba ya pili ilipoingia, mimi sikuwa na jambo jingine kichwani. Nataka msomaji alijue hilo kabla sijaendelea, siyo kujitetea. Nilikuwa nataka mtoto huyu awe mzito. Kila kitu nilichofanya kibaya miezi ile nilikifanya nikiwa nataka hivyo. Mnadani nikiona ndama amezaliwa mnene namtazama kwa wivu.

Mwezi wa nne wa mimba fizi za mke wangu zikaanza kutoka damu. Alikuwa na mswaki wake mwekundu aliopewa na mama yake, na kila asubuhi alisimama pale kwenye ua wa minyaa akasugua, akatema. Povu jekundu. Kuku wanakuja mbio wanadhani ni chakula. Mama yangu alimwona. Aliniita nyumbani kwake, akanipa maziwa, akaningoja nimalize. Mama yangu hakuwa mtu wa makelele.

"Yule mkeo anatema nini asubuhi?"

"Ni mswaki, yeyo. Anasafisha meno."

"Nimekuuliza anatema nini."

Nikainamia kikombe.

"Mwanamke mwenye mimba ana damu ya kumlea mtoto. Hana nyingine ya akiba. Wewe unamtazama mwanao anatemwa kila asubuhi kuku wanamdonoa, halafu utakuja kulia kwangu kama mwaka ule."

Akaongeza na la pili, ambalo ni la kimila kwetu: mwanamke mimba ikikua apunguze kula, asinywe maziwa mengi, ili mtoto asiwe mkubwa akashindwa kutoka. Wanawake wetu wengi walifanya hivyo. Mke wangu alitoka kwenye watu wanaompikia mjamzito ndizi na nyama mpaka anakimbia jiko. Hapo nilikuwa na akili kidogo. Nilimwambia mama, hapana, huyu atakula. Nilikuwa nataka mtoto mzito, nitamnyimaje chakula? Nilimletea mke wangu maini kutoka machinjioni kila mnada. Najivunia hilo mpaka leo, ndilo pekee.

Lakini siwezi kumnyima mama yangu yote mawili. Hivyo ndivyo nilivyowaza, nakumbuka hata mahali nilipowazia, nikiwa nimeshika kikombe kitupu. Nimemkatalia moja, nimpe moja. Kama vile ni mnada, unashusha hapa unapandisha pale. Nikampa la mswaki.

Niliuchomoa mswaki ule ukutani nikaenda kuutupa chooni. Dawa ya meno niliiacha, dawa haikuwa na kosa. Nikamwambia mke wangu asisugue kitu kigumu kinywani mpaka ajifungue, wala mswaki wa mti, wala mkaa. Asukutue maji tu.

"Umeutupa wapi?"

"Umetupwa."

"Meno yangu yatakuwaje?"

"Meno yatangoja. Mtoto hangoji."

Hakubisha. Na yeye alikuwa amezika mtoto nyuma ya nyumba ileile. Labda na yeye aliogopa damu. Sikumuuliza aliogopa nini, nilifurahi tu kwamba hakubisha.

Sasa nitasema jambo la aibu. Mdomo wake ulianza kunuka. Siyo siku ya kwanza, lakini wiki zilivyopita. Asubuhi mto una madoa ya damu hata bila mswaki, na mimi naona madoa yale, najiambia, angesugua ingekuwa nyingi zaidi. Usiku akinigeukia kuzungumza, nilikuwa nageuza uso. Nilijifanya nina usingizi. Mtu aliyezungumza na kuku mchana kutwa, ananingoja mimi jioni, na mimi nageuza uso. Alielewa. Akaanza kuzungumza huku kiganja kiko mdomoni. Halafu akaanza kutozungumza. Kucheka kwenyewe nilisahau lini kulikwisha.

Miezi sita ilipofika nilimpeleka zahanati mwenyewe. Kwetu mwanamume haendi kliniki ya wajawazito. Nilipoingia kwenye benchi wanawake walianza.

"Jamani, leo kliniki ina mjamzito mwenye ndevu!"

"Baba, una miezi mingapi?"

Niliinamisha kichwa. Muuguzi alimlaza mke wangu, akampima tumbo kwa utepe kama fundi cherehani, akapima tena. Akasikiliza kwa kile chombo chao kama tarumbeta ndogo. Halafu akaniita ndani.

"Mtoto yupo na moyo unapiga. Lakini tumbo haliendi na miezi. Mtoto hakui inavyopasa. Mama unakula?"

"Nakula," mke wangu akajibu, kiganja mdomoni. "Mume wangu ananiletea maini."

"Malaria umeugua? Miguu inavimba? Toa mkono, mama, sikusikii."

Hakuutoa. Muuguzi akaushusha mwenyewe, taratibu, kama unavyomtoa mtoto kidole kinywani. Akatazama. Akachukua tochi. Akaizima, akaandika karatasi.

"Mpeleke mjini kwa daktari wa meno."

"Sista, sisi tumekuja kwa ajili ya tumbo."

"Na mimi nazungumzia tumbo, baba. Damu yake nitaipima hapahapa, na vidonge vya kuongeza damu nitampa. Lakini mdomo ule sina vifaa vyake. Asukutue maji ya vuguvugu na chumvi mpaka mfike."

Miaka ile madaktari walikuwa wameruhusiwa kufungua vyumba vyao binafsi mjini. Yule tuliyempata alikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Duka la ukoo wake, Wahindi waliokaa Arusha kabla babu yangu hajaijua lami. Mwanamke wa makamo, bangili zinalia kila akigeuka, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Alimlaza mke wangu kwenye kile kiti, akawasha taa.

"Damu imeanza lini?"

"Mwezi wa nne," nikajibu mimi.

"Mimba huwa inavimbisha fizi, hilo ni la kawaida kwa akina mama wengi. Lakini huyu amepita kawaida. Mswaki unapiga, mama?"

Mke wangu alikuwa amelala mdomo wazi, hawezi kusema. Aligeuza macho akanitazama. Macho tu. Daktari naye akafuata macho yale, akanitazama.

"Anapiga," nikasema.

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni."

Nimewahi kudanganya umri wa ng'ombe, nakiri. Dalali asiyedanganya hata mara moja sijamwona. Uongo wa ng'ombe unatoka mdomoni ukaenda na vumbi. Huu sikuusikia ukitoka kabisa, niliusikia tu ukiwa umeshafika.

"Basi sielewi," daktari akasema, akaandika kwenye kadi. "Njoo uone, baba. Usiogope."

Nikaenda. Mimi niliyefunua midomo tangu utoto wangu. Fizi zilikuwa zimevimba, zimepanda juu ya meno, rangi ya ini bichi, na daktari alipogusa kwa kijiti cha chuma, damu ikaja na usaha kidogo nyuma yake. Chini kwenye mizizi ya meno kulikuwa na ugaga mgumu kama ukoko wa sufuria. Meno yenyewe meupe yaleyale. Nilimwoa nikiwa nimeyaona meno hayo, nikakaa naye miaka mitatu, na sikuwahi kuutazama mdomo wake mpaka mtu mwingine aliponiwashia taa.

Daktari akatueleza. Alisema katika fizi za namna ile kuna vijidudu, na havikai kinywani tu, vinaingia kwenye damu, na damu ya mama ndiyo inayopita kwa mtoto. Alisema wenzake wa nje walikuwa wameanza kuona kwamba akina mama wenye fizi mbovu sana wengine wanazaa watoto wadogo, au wanazaa kabla ya siku.

"Kwa hiyo ni fizi," nikasema.

"Sijasema hivyo, baba. Nimesema inaweza. Mtoto anakuwa mdogo kwa mambo mengi. Malaria, upungufu wa damu, presha, kazi nzito. Hata wanaolichunguza hili la fizi hawajamaliza kubishana. Mimi nitamsafisha, hilo halimdhuru mtoto na huyu mama atapona mdomo. Kama litamsaidia mtoto kukua, siwezi kukuapia."

Nilitaka aniapie. Ndiyo, au hapana. Mnadani mtu anakuambia anachukua au anaacha.

Akaanza kusafisha. Pamba zinatoka nyekundu, anaziweka kwenye sahani ya bati, zinaongezeka. Mimi natazama sahani tu. Mwishowe nikashindwa.

"Daktari, hiyo damu ni ya mtoto?"

Alicheka, halafu akaona mimi sicheki. Akaweka chombo chini.

"Ni ya fizi, baba. Mtoto hapungukiwi kwa damu ya mswaki. Nani alikuambia hivyo?"

Mke wangu alikuwa amefumba macho na machozi yanashuka pembeni kuelekea masikioni, lakini alikuwa amechokonolewa fizi, mtu yeyote angetokwa na machozi.

Tulipewa mswaki mpya, laini, wa buluu, na maelekezo: asugue hata damu ikitoka, hasa ikitoka. Turudi wiki ijayo amalizie. Tukashuka ngazi, tukatembea hadi yanapopakiwa magari ya Namanga, tukakaa kwenye mawe kungoja Landrova ijae. Akaninunulia ndizi mbivu, akanimenyea. Ndipo aliposema, akitazama barabara:

"Umenijibia vizuri."

Hakulirudia siku nyingine yoyote. Mara nyingi nimetamani angenitukana.

Mswaki wa buluu aliuchomeka ukutani, upande wa nje, mahali mama yangu anapopita. Asubuhi alisimama kwenye ua akasugua, akatema nyekundu, mama yangu akapita na ndoo, akatazama, akaendelea na safari yake. Sikumweleza mama alichosema daktari. Nilimwambia tu, yeyo, tumeambiwa mjini. Alijibu, "Mjini." Basi.

Fizi zikapona. Wiki ya tatu alitema nyeupe. Harufu ikaisha. Nilikuwa sasa namgeukia, nazungumza habari za mnada, nazungumza sana, na yeye anasikiliza na kiganja kiko mdomoni. Nikamwambia, ondoa mkono, umeshapona. Akasema amezoea.

Zahanati walipima wakasema tumbo limesogea, lakini bado liko nyuma. Nilihesabu wiki. Kila wiki tumboni niliihesabu kama mvua. Halafu uchungu ukamshika wiki nyingi kabla, asubuhi, akiwa anapepeta maharage. Nilimpata mwenye lori la viazi, tukamlaza mke wangu mbele, tukashuka naye mjini hospitali. Mlima ulikuwa wazi siku ile, hauna hata wingu.

Alizaliwa msichana. Kilo mbili hakufika, na siyo kwa kidogo. Lakini alilia. Sauti ya mlango usiotiwa mafuta, lakini alilia. Wauguzi wakamfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, chini ya kanga, wakasema akae hivyo mchana na usiku, mpaka aongezeke. Wakasema wasimtoe mpaka mizani ikubali.

Mama mkwe wangu alihamia wodini. Alifunga kibanda chake sokoni, akaja na chupa za mtori wa ndizi, akawa mkuu wa wodi. Hata wauguzi walimwamkia.

"Shikamoo mama," nami nikasema nikiingia.

"Marahaba. Wewe, umeshika chupa kama unashika mkia wa ng'ombe. Lete hapa. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Kaa ule."

Alikuwa mwema kwangu. Wote walikuwa wema. Nilienda kila siku saa ya kuona wagonjwa, nikakaa kwenye benchi la baraza pamoja na baba wengine, kila mmoja na kikapu chake magotini. Nilimuuliza muuguzi mmoja, mtu mzima, kama ni fizi zilizofanya mtoto awe vile. Akaniuliza, "Ukijua utafanya nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi omba aongezeke." Nilimuuliza na mwingine. Huyo alisema ni mapenzi ya Mungu. Hakuna aliyeniambia ni wewe, na hakuna aliyeniambia siyo wewe. Nilikuwa narudi Oldonyo Sambu jioni, kwenye nyumba ambayo mama yangu amenifagilia, nakaa mlangoni natazama ukutani pale palipochomekwa mswaki. Siku ile ya lori la viazi mke wangu aliondoka nao, kitu cha kwanza kutia kwenye mfuko.

Mtoto akaongezeka. Kidogo kidogo, ikapita wiki, ikapita ya pili, ya tatu. Akaanza kunyonya mwenyewe. Siku moja mama mkwe alinipokea mlangoni akipiga vigelegele vya chini chini kwa sababu ya wagonjwa wengine: mizani imekubali, kesho wanatoka. Ilikuwa imepangwa waende kwanza mjini kwa mama mkwe, mke wangu alelewe uzazi kwa desturi ya kwao, miezi mitatu, kisha nije kuwachukua.

Kesho yake niliwahi. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Mlango wa wodi ulikuwa wazi nusu, na nikawasikia kabla hawajaniona. Mama mkwe alikuwa anamsuka.

"Geuka huku kwenye mwanga. Hebu cheka. Mwanangu, hili jino la pembeni linacheza! Na fizi zimerudi nyuma hivi, kama za bibi. Kilikupata nini?"

Mimi nje na kikapu changu, nikasogea karibu na mlango.

"Ni maji ya kule, mama."

"Maji! Maji yanatia rangi. Maji yanang'oa jino?"

"Ni maji tu, mama. Nivute polepole, unaumiza."

Kama ningesikia ananitaja, ningeingia nikakubali, mama mkwe angenipiga na kitana mbele ya wodi nzima, na yangeisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo wiki zote tatu. Sikujiandaa yeye anifiche nyuma ya maji.

Nikakohoa, nikaingia. Nikaamkia. Nikaambiwa nimependeza. Mama mkwe akaenda kutafuta gari. Mke wangu alikuwa amesimama, kanga mpya, anakunja nepi kitandani kwa mkono mmoja, mtoto kifuani. Alikuwa amenenepa usoni. Akamfungua mtoto, akamfunga vizuri kwenye shali, akaninyooshea.

"Mshike mwanao nipange vitu. Hujamshika hata siku moja."

Ilikuwa kweli. Wiki zote zile nilikuwa nasema bado mdogo, nitamvunja. Sasa alikuwa na mashavu. Alikuwa amefumbua jicho moja.

"Ngoja nikanawe mikono kwanza," nikasema. "Nimetoka kushika mifugo."

Sikuwa nimeshika mifugo. Nilikuwa nimeoga kwa sabuni tangu alfajiri.

"Haya, wahi," akasema. Alikuwa ameinama tena kwenye nepi.

Bomba lilikuwa uani, karibu na mahali wanapofulia. Nikanawa. Nikasugua mpaka kwenye viwiko, nikasuuza, nikasugua tena. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yangu na ndoo akaniambia, "Baba, unatawadha au unaoga?" Nikampisha. Nikakung'uta mikono. Mlango wa wodi ulikuwa mkono wa kushoto na geti lilikuwa mbele, limefunguliwa, mlinzi anazungumza na muuza karanga. Nikatembea kuelekea getini na mikono bado imelowa. Mlinzi akasema, "Hongera, baba, nasikia mnatoka leo." Nikasema asante. Nikavuka barabara, nikaendelea kutembea upande wa chini, ambako sikuwa na mtu yeyote, na sikurudi tena.